Risasi za Kisiwa cha Saba

Juma lililopita Athumani, mtoto wa kaka yangu, alikuwa na wenzake watatu sebuleni kwangu hapa Mombasa, wamekaa mkekani na makaratasi yao na zile dadu zao zenye pande nyingi. Wana mchezo ambao sijauelewa vizuri, na nikiueleza vibaya kosa ni langu, si lao. Kila mmoja huwa mtu mwingine: mmoja mchawi, mmoja mpiga mishale, mmoja nusu mtu nusu joka. Na kuna mmoja ambaye si mtu yeyote, yeye ndiye dunia. Yeye ndiye anayesema mlango umefungwa, au mvua inanyesha, au umekufa. Niliingia na sinia la chai nikawakuta wamenuniana. Yule mpiga mishale alitaka bunduki iingie.

"Bunduki ikiingia, mchawi wangu atabaki na kazi gani?" Athumani alikuwa anasema. "Mimi nijifunze maneno miaka, wewe uvute kidole tu?"

"Si lazima iwe ya kisasa. Ile ya zamani, ya kujaza baruti. Unapiga moja, halafu unangoja."

"Leo moja. Kesho utataka mbili."

"Shangazi," akasema yule aliye dunia, "hebu tuamulie wewe. Iingie, isiingie?"

Niliweka sinia chini nikasema chai itapoa, nikarudi jikoni. Nikafungua bomba la maji bila ya kuwa na cha kuosha. Wale vijana hawakujua wamemuuliza nani. Mimi nimeshawahi kuwa kwenye mchezo kama huo, na bunduki iliingia, na niliitoa kwa njia ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Sikusoma sana, madrasa na miaka mitatu ya skuli ya kambi ya wakimbizi, kwa hiyo nitaandika kama nisemavyo. Nawaandikia wenzangu wa rika langu. Mkiona mahali nimejipendelea, mjue nimejaribu nisijipendelee.

Wakati huo tulikuwa Chula, kisiwa cha Wabajuni upande wa Somalia. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na nyumba ya zamani iliyoanguka paa, kuta za mawe ya matumbawe zimebaki hadi kifuani kwa mtu mzima, na ndani yake mchanga safi. Hapo ndipo palipokuwa Kisiwa cha Saba. Visiwa sita tulivijua kwa majina, wazee walivitaja kila siku, Ngumi na vinginevyo. Cha saba tulikitunga sisi. Mwenyewe hasa alikuwa Mwanakombo, binti wa ami yangu, aliyetuzidi miaka mitatu na aliyekuwa na sauti ya kukufanya ugeuke uangalie nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa dunia. Sisi tulimwita Mwenye Kisiwa.

Kila mtoto alikuwa na mchu wake. Mnajua kwetu husemi mtu, wasema mchu, lakini kwenye mchezo neno lile lilikuwa na maana yake zaidi. "Mchu wako nani?" ndilo swali la kwanza. Wewe ungeweza kuwa mtoto mwenye kamasi na kanzu iliyochanika, lakini mchu wako alikuwa amiri wa lango la tatu. Mchu wa Kassimu, mwenzetu mmoja, alikuwa amiri huyo, mwenye upanga unaoimba. Wangu alikuwa mganga mwanamke aliyejua maneno matatu: la kufungulia mlango, la kulaza jini, na la kumrudisha aliyejeruhiwa. Maneno yenyewe siyaandiki. Si kwamba ni siri, nimeyasahau mawili, na la tatu sina hakika nalo.

Tulirusha kete tano, vigamba vya konokono wa baharini. Zikifunua mdomo tatu au zaidi, umeweza. Zikifunua mbili, umejaribu. Moja, pole yako. Na palikuwa na sheria ambazo Mwanakombo alizitoa sijui wapi, nadhani kichwani mwake. Huwezi kumpiga mchu mpaka uwe karibu naye kiasi cha kumgusa. Kabla ya kumpiga lazima useme jina lako na jina la mama yako. Akigusa mchanga kwa viganja viwili, ameomba amani, humpigi tena. Na mimi mganga, ili nimrudishe aliyeumia, lazima niende mpaka alipo nimshike kichwa. Basi kila kitu katika Kisiwa cha Saba kilifanyika kwa kukaribiana. Hata maadui walikaribiana. Kassimu alikuwa anamnong'oneza adui yake matusi ya kuchekesha kabla ya kumpiga, na mara nyingi wote wawili walicheka wakasahau kupigana.

Nisiufanye ule mchezo kuwa pepo, maana haukuwa. Kassimu alikuwa mkubwa wa mwili, mikono mirefu, naye alishinda karibu kila siku. Wadogo walikuwa wachu wa kutumwa. Nami nilijiona sana kwa maneno yangu matatu, na kuna siku nilikataa kumrudisha mtoto wa jirani kwa sababu tu asubuhi alininyima embe.

Lali alikuja na baba yake kutoka Kismayu. Mama yake walikuwa wamemzika huko. Walishuka mashuani na godoro moja, sufuria, na magunia mawili madogo mazito kupita kiasi. Nakumbuka ami yangu alishika gunia moja akidhani ni mchele, likamvuta mkono chini, akamtazama yule mgeni. "Umebeba mawe, ndugu yangu?" Baba Lali akacheka, akasema, "Vyuma vyuma tu vya kazi." Ami hakuuliza tena. Kwetu wakati huo hapakuwa na mtu wa kuuliza mara mbili. Miezi michache kabla walikuja watu wenye bunduki wakachukua mashine ya mashua ya ami, wakasema watairudisha. Hawakuwa wamerudi, na sisi tulikuwa tunaogopa zaidi kwamba watarudi.

Lakini ami alikuwa mtu mwema. Alimpa Baba Lali nafasi katika mashua yake, na mke wa ami akawaazima nyumba ya marehemu mama yake, yenye ua wa makuti, karibu na kwetu.

Lali alikuwa mdogo, mwembamba, Kisomali kimemzoea mdomoni kuliko Kibajuni, na alituangalia sote kama mtu anayehesabu. Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Sababu sina. Nimeitafuta, sina. Labda ni kwa sababu hakuogopa Mwanakombo alipobadilisha sauti.

"Mchu wako nani?" Mwanakombo alimuuliza.

"Wamebaki nani?"

"Mchota maji."

Kassimu akasema, "Kazi nzuri hiyo. Amiri wangu ana kiu tangu juzi."

Lali alichota maji siku tatu. Siku ya nne amiri wa Kassimu alipomwita, akasimama nyuma ya ukuta wa mbali, akaokota kijiti, akakiweka begani. "Nampiga."

"Uko mbali," Kassimu akasema.

"Nina bunduki."

Wote tukamgeukia Mwanakombo. Bado naiona sura yake. Angesema hapana, yangekwisha. Lakini yeye alipenda haki kuliko alivyopenda kisiwa chake, akauliza, "Kuna sheria inayokataza mchota maji kuwa na bunduki?" Haikuwapo. Hakuna aliyewahi kufikiri kuikataza. "Haya," akasema, "lakini ukishapiga, hesabu mpaka kumi ndipo upige tena. Rusha."

Kete zikafunua nne. Amiri wa lango la tatu, mwenye upanga unaoimba, akafa hajasema jina lake wala la mama yake, na aliyemuua pia hakusema lake. Kassimu alibaki amesimama. "Mimi sijamwona hata," akasema. Alirudia mara mbili.

Nitasema ukweli: siku ile niliona Lali ametendewa haki. Mtoto mdogo aliyepewa ndoo amemwangusha mkubwa, na hata wale watoto wa kutumwa walishangilia. Kama ningekuwa mmoja wao nami ningeshangilia. Lakini kesho yake kila mmoja alikuja na kijiti chake.

Na hapo kisiwa kikaanza kubadilika, kidogo kidogo. Soko tulilolichora katikati ya mchanga likawa tupu, maana aliyesimama pale alionekana kutoka kuta zote nne. Milango niliyoifungua kwa neno haikuwa na maana tena, hakuna aliyepita mlangoni. Majini, Mwanakombo alisema risasi haiwadhuru, lakini majini nao walihitaji mtu wa kumtokea njiani, na njiani hapakuwa na mtu. Aliyejeruhiwa alilala katikati ya mchanga akiniita mganga, mganga, nami nilikaa nyuma ya jiwe langu nikijua kwamba nikienda kumshika kichwa kuna kijiti kinachoningoja. Wakati mwingine tulikuwa watoto sita ndani ya zile kuta, kila mmoja amejikunyata pembeni kwake, robo saa nzima hakuna anayesema neno. Mama alipita akachungulia, akauliza tumegombana nini.

Tulishukiana hata nje ya mchezo. Nilikwenda kisimani na mtoto wa jirani, akaniambia nitangulie. Nikamwambia atangulie yeye. Tulikwenda sambamba mpaka kisimani kama maharusi, hakuna aliyempa mwenzake mgongo.

Mwanakombo alijaribu kukiokoa kisiwa chake. Alisema baruti ikilowa haiwaki, basi akaleta mvua kila siku, mpaka Kassimu akalalamika kwamba Kisiwa cha Saba kitaota kuvu. Alisema mlio wa bunduki huamsha nyoka wa lango la saba. Lali akasema nyoka naye apigwe. Mwisho akapata swali ambalo nadhani lilikuwa la akili sana, na mpaka leo nasikitika kwamba aliliuliza.

"Bunduki nimekubali," akasema. "Lakini hapa hakuna duka. Upanga ukipiga unabaki nao. Risasi ikitoka imetoka. Nani anatengeneza risasi katika Kisiwa cha Saba? Mwenye kujibu apige. Asiyejibu, kijiti chake ni kijiti."

Lali akasema, "Baba yangu."

"Namuulizia mchu, si baba."

"Baba yangu anatengeneza. Risasi. Anayeyusha mwenyewe uani. Tuna ndoo nzima."

Alisema kwa fahari, kama mtoto mwingine angesema baba yangu ana ng'ombe. Kassimu alicheka, akasema, "Basi sote tumekufa, tukale." Lakini Mwanakombo hakucheka, akavunja mchezo, akasema jua limekuwa kali. Jua lilikuwa vilevile.

Siku ya pili baada ya alasiri mama alinituma kwa Baba Lali na sahani ya mkate wa mofa na samaki, maana wanaume wale wawili walikuwa hawajui kupika. Sikupiga hodi. Nilisimama nje ya ua nikatafuta mahali makuti yameachana. Ndani Baba Lali alikuwa amechutama, kitambaa amefunga puani, mbele yake kopo jeusi juu ya mafiga. Lali anapuliza moto. Harufu ilikuwa kali, ya siki na chuma, ikanikaa kooni. Baba Lali aliinua kopo kwa koleo akamimina kwenye vishimo vya mchanga mbichi, na kilichomiminika kiling'aa kama kioo, kikafanya utando, kikazima. Kisha akavichokoa vile vilivyopoa, kimoja kimoja, akavitupa kwenye ndoo. Vilikuwa vya ukubwa wa kidole. Vililia vikianguka.

Sahani niliiacha mlangoni, juu ya jiwe. Nilikwenda nyumbani mbio, nikamkuta mama anapepeta mchele, nikamwambia. "Mama, Baba Lali anatengeneza risasi. Ndoo nzima. Nimeona kwa macho yangu."

Ungo ulisimama. "Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna."

"Usimwambie mchu."

Yeye akamwambia ami kabla ya magharibi. Simlaumu. Nimekuwa mama wa watu mimi pia, ningefanya vilevile.

Hakuna aliyemfukuza Baba Lali. Nataka hili lisomeke vizuri, maana wengine wamelisimulia kana kwamba alitolewa kwa mawe. Hakuna aliyemtukana wala kumuuliza. Ami alimwambia tu kwamba nafasi ya mashua imejaa, mtoto wa dada yake amerudi. Mke wa ami akasema atahitaji ile nyumba, kuna ukarabati. Mama hakunituma tena na sahani. Watu waliitikia salamu yake, wakaitikia vizuri, lakini waliitikia wakitembea. Nilimwona amesimama ufukweni asubuhi mashua zimeshatoka, na Lali kando yake, wanatazama. Alidhani, kama alivyosema baadaye, kwamba tumechoka kulisha watu wa mjini.

Ilipita kama juma, au zaidi, mpaka imamu akamshika mkono Baba Lali baada ya swala ya adhuhuri. Aliyenisimulia ni Mwanakombo, ambaye aliambiwa na baba yake, kwa hiyo maneno haya yamepita midomo miwili. Imamu alisema, "Mwanangu, nyumbani kwako una nini ambacho sisi tunakiogopa?"

Baba Lali hakuelewa. Imamu akamwambia, "Wanasema una risasi."

"Ninazo. Kuna nini cha kuogopa?"

Aliona nyuso za wazee waliokuwa pale. Alikwenda nyumbani akarudi na ndoo, mimi niliona mwenyewe sehemu hii, sisi watoto tulikuwa tumejaa dirishani. Akaimimina kwenye baraza ya msikiti mbele ya wazee. Vikatawanyika, vya kijivu, kila kimoja na tundu lake katikati.

Ami alichukua kimoja akakigeuza. "Hizi si chubwi hizi?"

"Za kuzamishia nyavu," Baba Lali akasema. "Nimeyeyusha betri za gari nilizokuja nazo. Mlikuwa mnafunga mawe kwenye nyavu zenu, nikasema nitawatengenezea kabla sijaanza kuomba chochote. Kwetu mjini twaita risasi."

"Sisi twaita chubwi," akasema mzee mmoja, polepole, kana kwamba anamfundisha mtoto.

"Sasa najua," akasema Baba Lali.

Kuna aliyecheka, na wengine wakamfuata, kile kicheko cha watu waliobanwa. Ami aliinuka pale pale akamwambia nafasi ya mashua ipo, mtoto wa dada amebadilisha nia. Mke wa ami naye alituma neno kwamba ukarabati hauna haraka. Baba Lali aliwashukuru wote. Akagawa zile chubwi, kila mzee konzi moja, hakubakisha, akasema ana binamu huko Burgao na ataondoka keshokutwa. Huenda angeondoka hata hivyo. Sijui. Nyavu za ami zilizama vizuri miaka yote tuliyokuwa pale.

Asubuhi ya kabla ya safari Lali alikuja Kisiwa cha Saba. Hatukumtazamia. Mwanakombo alikuwa amefurahi kupita kiasi, akamwambia amempandisha cheo, mchu wake sasa awe waziri. Lali akampita. Alisimama kwenye ukuta wa mbali na kijiti chake.

"Nampiga Kassimu."

"Mchu wa Kassimu," Mwanakombo akamsahihisha.

"Nampiga Kassimu."

Kassimu akanyoosha mikono. "Mimi tena? Kila siku mimi? Nimekufa mara ngapi kwa mkono wako, hata mbuzi wa sikukuu hafi hivyo."

"Wewe ulicheka niliposema ndoo. Wewe ndiye uliyekwenda kusema kwa watu."

Kassimu akaacha kucheka. "Sikusema mimi."

"Aliyesema nani?"

Mwanakombo akatugeukia mmoja mmoja, kama sheria ilivyotaka kabla ya shauri. "Kuna mchu mwenye neno?"

Nilikuwa nimeshika kete zangu. Nazikumbuka zilivyokuwa na joto. Aliponifikia mimi nikazitazama zile kete, akapita.

Lali akarusha. Zote tano zikafunua. Kassimu alijiangusha kama alivyozoea, akajinyoosha, akatoa ulimi, na mmoja wetu akacheka. Lakini alilala pale muda mrefu kupita alivyozoea. Alipoinuka mgongo wake ulikuwa umejaa mchanga, na hakuomba mchu mwingine. Alikwenda kwao. Lali akaweka kijiti juu ya ukuta, taratibu, naye akaenda. Baada ya hapo tulikwenda pale siku mbili tatu zaidi tukakaa, Mwanakombo akasema lango limefunguka, au bahari imepwa mpaka unaona mji chini yake, na hakuna aliyesema mchu wangu anakwenda.

Hiyo ndiyo hadithi kama nilivyokuwa nimejisimulia miaka yote. Mtoto hakujua neno, akasema alichodhani ameona. Naam.

Ile siku ya Athumani na wenzake iliponipita, nikamtafuta Kassimu. Yuko Mombasa hii hii, anafanya kazi kwenye ghala la barafu la wavuvi, tunaonana harusini na msibani. Aliponiona mlangoni aliniuliza nani amekufa.

"Hakuna."

"Basi umekuja kuniposea mke. Huyu wa nyumbani umwambie mwenyewe, mimi simo."

Tulikaa kwenye kibao cha muuza kahawa nje ya ghala. Nikamwambia kwamba niliyesema ni mimi. Niliyatayarisha maneno hayo njiani, nikayasema yakiwa mafupi kuliko nilivyotayarisha. Kassimu alinitazama, kisha akatazama kikombe.

"Mimi nilidhani ni mimi," akasema.

"Wewe vipi?"

"Siku ileile ya ndoo. Nilifika nyumbani nikamwambia bibi, kwa kuchekesha. Nikamwambia tujihadhari, Lali ana ndoo ya risasi atupige sote. Bibi aliipeleka kisimani asubuhi, na kisima unakijua. Kwa hiyo Lali aliponipiga pale nikasema ana haki. Nimekaa na hilo miaka yote, na wewe unalo lako."

Akaanza kucheka kile kicheko chake cha zamani. "Haya basi, tugawane. Nipe nusu yako, nikupe nusu yangu, tuwe na moja nzima."

Ningeweza kuchukua. Nilitaka kuchukua, nikaona mzigo umeshakuwa mwepesi, na Kassimu alikuwa ananipa kwa moyo mweupe. Lakini nilijua kuna jambo sijamwambia, na hata ninyi sijawaandikia hapo juu, nililiruka, mnaweza kurudi mkaangalia. Pale kwenye ua wa makuti, kabla sijaiacha sahani, Baba Lali alichukua kimoja kilichoanza kupoa, akatoa msumari, akakitoboa kikiwa bado laini. Akapitisha uzi. Akaunyanyua, kikaning'inia, akamwonyesha Lali. Nimezaliwa kwa watu wa nyavu. Nilijua chubwi ikining'inia inavyokuwa.

Nilimwambia Kassimu hivyo. Nikamwambia nilijua, au nadhani nilijua, au labda uzi ule niliuongeza baadaye nilipoona yale matundu msikitini, sina hakika. Ila hili nina hakika nalo: nilipokuwa nakimbia nyumbani sikuwa naogopa. Nilikuwa nafikiri kwamba Lali akiondoka ataondoka na bunduki, na watu watarudi sokoni, na mimi nitakwenda kuwashika vichwa tena.

Kassimu hakucheka. Alikunywa kahawa yake mpaka akafika kwenye mashapo, akamrudishia muuza kahawa kikombe, akanipangusia kibao palipomwagika kahawa.

"Hiyo nusu," akasema, "kaa nayo, dada. Hiyo ni yako."